Sanduku la Vitabu: Maktaba Ilivyoanza Kumfikia Mwananchi

Anayeingia leo katika maktaba ya umma haulizwi rangi yake. Zamani aliulizwa. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, yenye nguzo ndefu na sanamu za simba mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu, na kwa miaka mingi Mwafrika aliitazama akiwa barabarani.

Huku Tanganyika majengo ya namna hiyo yalikuwa haba, na pengine ndiyo sababu historia yetu ya maktaba haianzii kwenye jengo bali kwenye sanduku. Mwaka 1948 tawala za kikoloni za Afrika Mashariki zilianzisha East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, ikiongozwa na Charles Richards. Chombo hicho kilichapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji, kisha kikatafuta namna ya kuvifikisha kwa wasomaji walioishi mbali na miji mikubwa. Vitabu vilipangwa katika masanduku na kupelekwa mahali palipokuwa na mtu wa kuvitunza. Baada ya muda, sanduku lilibadilishwa kwa jingine lenye vitabu vipya. Msomaji aliyekaa peke yake aliazima kwa njia ya posta. Mwenye kuijua jiografia yetu ataelewa uzito wa jambo hilo: kutoka Shinyanga au machimbo ya Geita, bahasha ilifika Nairobi kwa urahisi kuliko mtu.

Tusiipambe huduma hiyo kupita kiasi. Aliyechagua vitabu alikuwa mtawala, na asiyejua kusoma, ambao ndio waliokuwa wengi, sanduku halikumfaa kitu.

Mwaka 1960 Sidney Hockey wa British Council alitoa taarifa iliyopendekeza kila nchi iwe na huduma yake ya maktaba ya kitaifa. Bunge la Tanganyika huru likapitisha sheria ya maktaba mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu jijini Dar es Salaam. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ya leo imetokana na sheria ya mwaka 1975.

Wazee waliowahi kuazima kitabu kutoka masanduku hayo, au kukipokea kwa posta, wanaombwa wafike kwa Mtendaji wa Kata ili simulizi zao ziandikwe. Mwenye kitabu cha wakati huo nyumbani aje nacho. Tutakipiga picha na kumrudishia papo hapo.