Somo la Kuku: Mapora Waliozidi Waende Wapi?

Tukikaa na vikundi vya wafugaji wa kuku wa kienyeji swali hili halikosi. Mama anasimama na kusema, "Mimi niko na koo kumi na jogoo saba, nifanye nini?" Watu wanacheka. Ati chinja, shida iko wapi? Lakini huwezi kuchinja sita kwa wiki moja, na kwa mchuuzi anayepita na baiskeli bei ni ya kutupa.

Mwenye shida hii amefanya kazi nzuri. Vifaranga wanapoanguliwa karibu nusu yao ni madume, na hakuna dawa ya kubadilisha hilo. Mwewe na ugonjwa wakimaliza vifaranga, mapora hawaonekani. (Pora ni jogoo mchanga, yule anayejaribu kuwika na sauti inamkatika.) Ukiwalinda na kuwachanja, wanabaki. Na jogoo mmoja anatosha koo 10 hivi.

Wakiachwa pamoja wanapigana na kusumbua koo mpaka manyoya ya mgongo yanaisha. Chakula nacho: pora mmoja akipewa gramu 70 kwa siku, mapora 8 watamaliza karibu kilo 17 kwa mwezi. Hizo ni debe la mahindi.

Lakini hasara kubwa haionekani upesi. Pora asipotolewa atapanda mama yake na dada zake. Baada ya vizazi vichache mayai mengi hayaanguliwi, vifaranga wanatoka wadhaifu, wengine na vidole vilivyopinda. Mwenye boma analaumu mayai au jirani mwenye jicho baya, kumbe ni damu moja inayozunguka.

Kwa hiyo tunashauri uamue mapema. Kuanzia wiki 6 hadi 8 utaona upanga wa kichwani ukiwa mkubwa na mwekundu kuliko wa matembe, na miguu imenenepa. Wakifika miezi 3 kaa chini na watu wa nyumbani muamue kila mmoja anakwenda wapi.

Wa mbegu watakuwa mmoja au wawili tu. Wengi huchagua mkubwa kuliko wote. Angalia mama yake pia: je, anaatamia vizuri na kulea mpaka mwisho? Kuanzia 1976 Serikali yetu, ikisaidiwa na Uholanzi, iliendesha mpango wa kuku ambapo wakulima walibadilisha jogoo wao wa kienyeji na wa mbegu bora. Mayai yaliongezeka, lakini damu ya kizungu ikizidi, koo husahau kuatamia. Asiye na mashine ya kuangulia akumbuke hilo. Tena jogoo mzito sana huumiza koo wadogo.

Huyo wa mbegu usimpe jirani wa ua kwa ua, maana kuku wenu pengine ni ndugu. Mpeleke ng'ambo ya mto, na wewe ulete wa kutoka huko. Vikundi vingine hufanya duara: boma la kwanza linampa la pili, la pili la tatu, na la mwisho linarudisha kwa la kwanza. Fanyeni hivyo kabla matembe hawajaanza kutaga, yaani kama miezi 6. Kabla ya kumtoa uliza maneno mawili: kuna kuku waliokufa hapo karibuni? Na huko kuna jogoo mwingine? Kama yuko na hatatolewa, umempeleka vitani.

Hapa tuna kisa chetu wenyewe, na hatukitoi kwa furaha. Siku ya mavuno watu walileta jogoo wengi kama sadaka. Tukawafunga wote chini ya mti mmoja, tukawapiga mnada baada ya ibada, kila mtu akaenda na wake akamwachilia bomani. Hata wiki mbili hazikuisha kabla ya kuona kuku wanaharisha kijani, wanapinda shingo, wanaanguka. Kideri, ule ugonjwa wengi huita Newcastle. Mjane mmoja aliyenunua jogoo kwa moyo mweupe alibaki na koo wawili, na alikuwa akitegemea mayai kununua daftari za watoto. Tulikwenda kumwona tukakosa la kusema.

Tangu hapo jogoo wa mnada tunasema aende kwenye sufuria. Akitakiwa kwa mbegu, afungiwe peke yake siku 14, na chombo chake cha maji, na anayemhudumia aanze na kuku wake wa zamani kisha yeye mwisho. Afadhali awe amechanjwa angalau wiki mbili kabla ya kutoka kwao. Chanjo ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila miezi 3. Chupa moja hutosha kuku wengi, basi nunueni pamoja.

Waliobaki ni wa kuuza na kula. Kuku wa kienyeji huchukua miezi 5 hivi kufika kilo moja na nusu. Watenge, walishe vizuri, muuze mkiwa kikundi. Anayekusanya kuku wa kupeleka soko la Burma kule Nairobi atasikiza watu wenye jogoo 40 kuliko mwenye wawili. Wasafiri ndani ya tenga lenye hewa. Kuwaning'iniza kichwa chini ni mateso, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura 360, inakataza kubeba mnyama kwa namna ya kumtesa.

Usingoje Krismasi na wote. Mmoja mchinjie watoto sasa, na firigisi si lazima iwe ya mzee kila mara.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

Jogoo uliye naye sasa alitoka wapi, na matembe wako ni watoto wa nani?

Ni boma gani la mbali mnaloweza kubadilishana nalo kabla ya mvua?

Mnada ujao, jogoo watafungwa wapi, na nani atauliza kama wamechanjwa?