Kutoka Baraza la Chifu hadi Baraza la Arafa: Lugha na Uhai wa Jumuiya ya Mtandaoni, Lanet Umoja, Nakuru

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna jumuiya inavyojengwa na kudumishwa mtandaoni, kwa kurejelea Lanet Umoja, viungani mwa Nakuru, ambako marehemu Chifu Francis Kariuki alianza kuwasiliana na wakazi kupitia Twitter mnamo mwaka 2011. Hoja kuu ni kwamba jumuiya hiyo ilisimama kwa nguvu ya mazoea ya lugha yaliyokitangulia chombo, na kwamba ni mazoea hayohayo yanayoamua kama itadumu chombo kinapobadilika au msemaji wake anapoondoka.

1. Utangulizi

Mwaka 1887, mwanasosholojia Mjerumani Ferdinand Tönnies alitofautisha jumuiya, yaani mkusanyiko unaofungwa na undugu, ujirani na mazoea, na jamii pana inayofungwa na mikataba na maslahi. Zaidi ya karne moja baadaye, mnamo 1993, Howard Rheingold wa Marekani alishikilia kwamba hata watu wasioonana ana kwa ana huweza kuunda jumuiya kupitia tarakilishi, mradi wajadiliane kwa muda wa kutosha na kwa hisia za kutosha.

Rheingold aliwazungumzia zaidi watu waliokutana mtandaoni kwanza. Mfano wa Lanet Umoja unapindua mpangilio huo. Hapa majirani waliojuana kwa sura, kwa mashamba na kwa majina ya watoto wao ndio walioingia mtandaoni pamoja. Kwa mtafiti wa Kiswahili, swali linalozuka ni hili: waliingia na lugha gani, na lugha hiyo iliwafanyia kazi gani?

2. Maana mbili za baraza

Neno baraza lina historia inayoweza kutuangazia njia. Katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa, baraza ni kikalio cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, ambapo watu huketi, wakasalimiana na kuzungumza. Aliyeketi huweza kujibu, kupinga na hata kutania. Huku bara, neno hilohilo lilichukuliwa na utawala wa kikoloni likawa mkutano wa chifu: serikali inasema, raia wanasikiliza. Maana ya kwanza ni ya mazungumzo. Ya pili ni ya matangazo.

Kila jumuiya ya mtandaoni huyumba baina ya maana hizi mbili. Ikiwa mazungumzo matupu, habari ya dharura huzama katika porojo. Ikiwa matangazo matupu, wasikilizaji huchoka na kuondoka mmoja baada ya mwingine.

3. Lanet Umoja: mfano wenyewe

Kwa mujibu wa taarifa za vyombo vya habari za Februari 2012, Lanet Umoja ilikuwa na wakazi wapatao 28,000. Waliomfuata chifu rasmi kwenye Twitter walikuwa takriban 300 tu. Hata hivyo, yeye alikadiria kwamba maelfu walifikiwa, kwa kuwa wengi walipokea ujumbe kama arafa katika simu za kawaida zisizo na intaneti, na wengine walipelekewa na jirani.

Matukio mawili yaliyoripotiwa wakati huo yanafaa kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni la saa kumi alfajiri. Chifu alipigiwa simu kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu, akatuma ujumbe, katika muda wa dakika chache wakazi wakakusanyika nje ya nyumba hiyo, na wezi wakatoroka. La pili ni la kondoo aliyepotea. Ujumbe wa Kiswahili ulieleza rangi yake na kamba ya nailoni iliyokuwa shingoni, na ukamtaja mwenyewe kuwa baba wa kijana fulani, aliyetajwa kwa jina moja tu. Baada ya muda mfupi kondoo alipatikana.

4. Lugha iliyojenga

Ujumbe wa kondoo ni mfupi lakini umebeba mengi. Kwanza, kumtambulisha mtu kwa jina la mtoto wake ni desturi ya heshima iliyoenea katika jamii nyingi za Afrika Mashariki. Vilevile ni njia ya kuchora mpaka wa jumuiya. Mgeni akiusoma ujumbe huo hajui kondoo arudishwe wapi, kwa maana akina baba wenye mtoto wa jina hilo ni wengi mno. Mkazi anajua mara moja. Lugha inawatenganisha walio ndani na walio nje bila kuhitaji neno la siri.

Pili, kipo kipengele cha ufupi. Wakati huo Twitter iliruhusu herufi 140 pekee. Tangazo la chifu, hata la mdomo, lina muundo wake: kilichotokea, mahali, na kinachotakiwa kutendwa. Mtindo huo ulihamia kwenye simu bila kupoteza umbo lake, na msikilizaji aliutambua kwa sababu alikwisha kuuzoea barazani.

Tatu, chifu alichanganya Kiswahili na Kiingereza. Nakuru ni eneo la lugha nyingi: Kikuyu, Kikalenjin, Kiluo, Kiluhya, Kigusii na nyinginezo husikika katika soko moja. Kutumia Kiswahili mahali kama hapo ni kumwita mkazi kwa ukazi wake, badala ya kabila lake.

Nne, si kila ujumbe ulibeba habari. Chifu alituma pia maneno ya kuwatia moyo wasio na ajira na wagonjwa. Bronislaw Malinowski alieleza mwaka 1923 kwamba yapo mazungumzo ambayo kazi yake ni kushikanisha watu tu. Waswahili hawakuhitaji kufundishwa hilo. Salamu zao ndefu ni ushahidi tosha. Asiyekusalimu siku za amani akikuita alfajiri huenda usitoke.

5. Upande wa pili wa chombo

Itakuwa kosa kulisifu jambo hili bila kukumbuka kilichotangulia. Mwishoni mwa Januari 2008, Nakuru na Naivasha zilikumbwa na mauaji ya kikabila kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Waki iliyochunguza ghasia za nchi nzima ilihesabu vifo 1,133, na ikaeleza jinsi arafa na baadhi ya redio zilivyotumiwa kueneza chuki. Nazo arafa hizo zilijenga jumuiya: zilikuwa na sisi na wao, na ziliwakusanya watu upesi. Hivyo wepesi wa kukusanyika si kipimo cha wema wa jumuiya.

Funzo hilo linarudi hata kwenye ujumbe wa alfajiri. Katika mazingira ya Kenya, ambako washukiwa wamewahi kuuawa na umati bila kufikishwa mahakamani, neno mwizi linatoa hukumu, ilhali mshukiwa linaacha nafasi ya uchunguzi. Anayetuma ujumbe kwa maelfu gizani anachagua baina ya maneno hayo mawili, na uchaguzi wake waweza kuwa uhai au kifo cha mtu. Semantiki hapa si somo la darasani pekee.

6. Kudumisha

Kuna mitihani mitatu ya kudumu. Wa kwanza ni umiliki wa chombo. Mnamo Aprili 2020, Twitter ilisitisha huduma yake ya arafa katika nchi nyingi, na Julai 2023 jina lake likabadilishwa kuwa X. Maamuzi hayo yalifanywa mbali na Nakuru. Jumuiya iliyotegemea njia moja tu hukatika njia inapokatwa. Yenye mazoea ya kupelekeana habari jirani kwa jirani huhamia kwingine.

Wa pili ni urithi wa sauti. Chifu Kariuki alifariki mwaka 2022. Ofisi ya chifu hurithiwa kwa uteuzi wa serikali, ila imani haiteuliwi. Imani hiyo hubaki pale tu ambapo zaidi ya mtu mmoja wamezoezwa kutangaza, kuthibitisha na kusahihisha.

Wa tatu ni haki ya kujibu. Elinor Ostrom, katika utafiti wake wa mwaka 1990 kuhusu mali ya pamoja kama malisho na maji, alionyesha kwamba watumiaji hudumisha mali hiyo wanaposhiriki kutunga kanuni, wanapoangaliana wenyewe, na adhabu inapoanza kwa upole kabla ya kuwa kali. Imani ya majirani ni mali ya pamoja vilevile. Makundi ya WhatsApp ya Nyumba Kumi, mpango ulioanzishwa nchini mwaka 2013 kwa kuiga mfano wa Tanzania, yanaweza kufaidika na kanuni hizo: anayeeneza uvumi aonywe faraghani kwanza, kisha hadharani, na kuondolewa kuwe hatua ya mwisho.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uhai wa jumuiya ya mtandaoni ya Lanet Umoja ulitokana na utambulisho wa ujirani, muundo uliozoeleka wa tangazo, lugha isiyobagua, na salamu zilizotangulia dharura. Yameonyesha pia kwamba lugha hiyohiyo huweza kuua. Baraza la arafa litadumu likiunganisha maana zote mbili za neno lenyewe: tangazo linaloaminika na kikalio ambapo kila mkazi ana ruhusa ya kujibu.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha athari za maneno mwizi, mshukiwa na mtuhumiwa katika ujumbe wa dharura.
2. Je, salamu katika kundi la WhatsApp la mtaa wako ni porojo au ni msingi wa jumuiya? Toa mifano, bila kutaja majina ya wahusika.
3. Fafanua jinsi uteuzi wa lugha unavyoweza kupanua au kufinya mipaka ya jumuiya katika eneo la makabila mengi.