Shauri Tusilolitazamia

Kusoma: Kutoka 18:13-24

Musa aliketi toka asubuhi hata jioni akiamua maneno ya watu, wala hakuona neno baya katika desturi hiyo. Mkwewe Yethro, mgeni aliyefika juzi, ndiye aliyeona. Tumechagua somo hili kwa ajili ya vijana wetu wa Goma wanaomaliza shule ya sekondari.

Kijana humwendea mwalimu wake akitumaini kusikia udaktari, sheria au biashara. Na tuseme mwalimu anamwambia, "Wewe usomee volkano." Nyumbani baba atauliza kama moshi unalipa mshahara. Tusimcheke baba huyo, maana pesa za masomo amezitafuta kwa jasho.

Lakini tukumbuke. Mwaka 1948 Kituro ilipolipuka upande wa Nyamulagira, Haroun Tazieff alikuwa mjiolojia katika Kongo ya Wabelgiji. Kazi yake haikuwa volkano. Akatumwa autazame moto ule, na toka hapo akawa mtu wa volkano mpaka uzeeni.

Baadaye mwana wa nchi, Dieudonné Wafula, aliisikiliza Nyiragongo katika kituo chetu cha OVG. Kabla ya mlipuko wa 2002 mashine za kupima mitetemeko zilizokuwa zikifanya kazi zilikuwa mbili tu, moja Katale na nyingine Bulengo. Kwa vyombo hivyo viwili aliona hatari akaonya, nao waliotega sikio walikuwa wachache. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka, ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Nyumba zetu nyingi leo zimejengwa juu ya mawe yale meusi. Mlima ukalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Basi mji huu, kuliko miji mingi, unahitaji watoto wa kufanya kazi hiyo ambayo jirani huicheka.

Hata hivyo si kila shauri la ajabu ni jema. Yethro alitazama kwanza, akauliza, ndipo akasema. Mwalimu naye aulizwe: ameona nini kwa mtoto huyu? Masomo hayo yanapatikana wapi, kwa miaka mingapi? Nani ataajiri? Hatari yake ni ipi? Asipoweza kujibu, shauri lake lingoje.

Nawe mzazi, kabla ya kukataa, mwendee mwalimu huyo pamoja na mtoto, mkaulize mkiwa watatu.