Anayedai usimamizi alete na risiti



Wiki iliyopita katika darasa langu la jioni, la watu wazima, tulifika kwenye somo la haki za mume na mke. Kijana mmoja akasimama akasema wanawake siku hizi wamepewa kila kitu, wanaharakati wa usawa wa kijinsia wamewajaza kiburi, na sasa ni zamu ya wanaume kudai haki zao. Binti mmoja akamjibu kuwa haki hizo zinadaiwa tangu enzi za Firauni. Darasa likawa soko.

Vijana wote walikuwa na aya moja mdomoni: Sura An-Nisaa, aya ya 34, kwamba mwanamume ni msimamizi wa mke. Ni kweli. Lakini aya hiyohiyo inataja sababu, na moja ya sababu hizo ni mali anayotoa mume. Aya ya 32, juu yake kidogo tu, inampa mwanamke fungu lake katika alichokichuma. Hilo hakuna aliyelitaja, si vijana wala mabinti.

Sisi walimu na makhatibu tuna ada ya kujigamba kwamba Uislamu ulimpa mke haki ya kumiliki mali karne nyingi kabla ya Waingereza kutunga sheria yao ya mwaka 1882. Tukishajigamba tunarudi nyumbani na kuuliza mshahara wa mke umeingia lini! Na katika madhehebu ya Imam Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu huku, kupika na kufua si wajibu anaobebeshwa mke na mkataba wa ndoa. Anafanya kwa ihsani. Nilipolisema hili, wale vijana walinyamaza kabisa.

Baada ya kipindi mama mmoja alibaki. Yuko ndani ya ndoa miaka 23. Vitumbua vyake vimenunua bati na saruji ya nyumba wanayoishi, lakini hati ina jina la mume peke yake, na mume sasa anataka kuuza.

"Ustaadh, nikidai nitakuwa nimeasi?"

Nilimwambia hapana. Katika sheria yetu mali ya mke haigeuki ya mume kwa sababu ya ndoa. Alichokitoa ama ni hiba, ama ni mkopo, ama ni ubia. Kama hakumpa mume kwa hiari yake iwe hiba, ana haki ya kukidai.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo haikumfungia mlango. Mali yenye jina la mmoja inachukuliwa kuwa yake, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Yenye majina mawili inachukuliwa kuwa ya wote kwa usawa. Ndoa ikivunjika, Mahakama hutazama mchango wa kila mmoja. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa hata kazi za nyumbani ni mchango. Wanaharakati huitaja sana kesi hii, ila ni nadra kusema kuwa Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwani Mahakama iliona alizitumia vibaya fedha alizopewa kwa ajili ya mradi wa familia.

Kwa hiyo yote yanarudi kwenye ushahidi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqarah 282, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Tunaisoma kila Ramadhani, lakini mke na mume wakiandikiana tunasema hawaaminiani. Mimi mwenyewe kiwanja changu kilikuwa na jina langu tu, ilhali mke wangu alilipa karibu nusu. Jumatatu tulikwenda kwa mwanasheria.

Yule mama nilimuuliza kama ana risiti za saruji. Akasema zote alimpa mumewe amtunzie.