Lesoni ya 9: Kizuizi Kwenye Vivuko

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 4:1–10, Kut. 1:8–22, Amu. 12:1–6; Esta 3; Mdo 17:26.

Fungu la Kukariri: Mithali 24:11, 12. Kila mwanadarasa alisome katika Biblia yake mwenyewe mpaka alishike.

Vijana wengi wa madarasa yetu walizaliwa baada ya mwaka 1994. Wamesikia neno Rwanda na neno mauaji, na pengine wameona filamu. Walio wengi wanadhani ni habari ya makabila mawili yaliyochukiana tangu zamani, mpaka siku moja chuki ikafurika. Ni maelezo mepesi mno, tena yanatuacha salama sisi tunaosoma. Kuanzia Aprili 7 hadi katikati ya Julai 1994, kwa muda wa siku zipatazo 100, zaidi ya watu 800,000 waliuawa nchini Rwanda. Walikuwa Watutsi, pamoja na Wahutu waliopinga mauaji hayo. Waliouawa na waliowaua walisema lugha moja, walilima vilima vilevile, na mara nyingi walisali kanisa moja.

Juma hili tunajifunza habari hiyo kama watu inaowahusu.

JUMAPILI: Kosa la Mmoja, Hukumu ya Wote

Soma Esta 3:1–15. Mordekai alimkosea nini Hamani? Hamani aliamua kumwadhibu nani?

Mtu mmoja hakuinama, nalo taifa zima likaandikiwa kufa. Tazama hatua zenyewe: kwanza watu wanasemwa kuwa ni tofauti na hatari, kisha fedha inatengwa, barua zinatumwa kila jimbo, na siku inapangwa. Hakuna hasira ya ghafla hapo.

Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi kutoka Poland, ndiye aliyelipa kosa hili jina mwaka 1944, na Desemba 9, 1948 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wa kulizuia na kuliadhibu. Kwa Kiswahili tunaliita mauaji ya kimbari. Kinacholitofautisha na vita vya kawaida ni nia: kuliangamiza kundi la taifa, kabila, rangi au dini, lote au sehemu yake, kwa sababu tu ni kundi hilo. Mtoto mchanga hana silaha, lakini kwa Hamani alikuwa adui sawa na askari.

JUMATATU: Herufi Moja

Soma Waamuzi 12:1–6. Wagileadi walimtambuaje Mwefraimu kwenye vivuko vya Yordani?

Efraimu na Manase walikuwa watoto wa Yusufu, baba mmoja na mama mmoja, na Wagileadi walikuwa wa uzao wa Manase. Wote walimwabudu Mungu mmoja. Kosa la mtu kivukoni lilikuwa kushindwa kutamka “sh”, naye akachinjwa papo hapo. Biblia inataja watu 42,000, na haiwasifu waliowaua.

Rwanda hata herufi hiyo haikuwapo, kwa maana wote walisema Kinyarwanda na matamshi hayakumtenga mtu. Karatasi ndiyo iliyotumika. Katika miaka ya 1930 watawala wa Kibelgiji walitoa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na mtoto akafuata kabila la baba yake. Majina hayo yalikuwapo kabla ya Wazungu kufika, lakini sasa yaligandishwa kwa wino. Miaka sitini baadaye, kwenye vizuizi vya barabarani, kitambulisho hicho kilitosha kumwua mtu. Tangu mwaka 1993 redio ya RTLM ilikuwa ikiwazoeza wasikilizaji, na Watutsi waliitwa inyenzi, yaani mende. Mende hauawi kwa huzuni.

JUMANNE: Sabato ya Mugonero

Soma Mwanzo 4:8–10. Kwa nini Mungu alimwuliza Kaini swali ambalo jibu lake alilijua?

Mugonero, katika eneo la Kibuye karibu na Ziwa Kivu, Kanisa letu lilikuwa na hospitali, shule ya uuguzi na nyumba ya ibada. Aprili 1994 maelfu ya Watutsi walikimbilia hapo, wakiamini kwamba eneo la kanisa lingewalinda. Miongoni mwao walikuwamo wachungaji. Wachungaji hao walimwandikia barua mwenyekiti wao wa fildi, naye ni Mhutu, wakimweleza kwamba wameambiwa watauawa kesho yake pamoja na jamaa zao, na wakimsihi aende kwa mkuu wa serikali ya mahali pale kuwaombea. Kesho yake walishambuliwa. Ilikuwa Aprili 16, siku ya Sabato. Wengi mno waliuawa.

Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, ilimtia hatiani mwenyekiti huyo, Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, kwa kusaidia mauaji ya kimbari, ikampa kifungo cha miaka 10. Mwanawe, aliyekuwa daktari wa hospitali ileile, alipewa miaka 25. Katika rufaa ya mwaka 2004 baadhi ya mashtaka yaliondolewa, lakini hatia ya mauaji ya kimbari na vifungo vyote viwili vilibaki.

Najua wapo walimu watakaopenda kuiruka siku hii. Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba habari hizi zinalichafua Kanisa mbele ya vijana na wageni. Mimi naona kinyume. Tukiwafundisha vijana juu ya Rwanda na kuiacha Mugonero, tunawafundisha kwamba ubatizo peke yake, na Sabato peke yake, vinamkinga mtu asiwe Kaini. Kaini naye alikuwa ametoka madhabahuni.

JUMATANO: Wanawake Langoni

Soma Kutoka 1:15–21. Shifra na Pua walikuwa na uwezo gani mbele ya Farao?

Hawakuwa na cheo wala jeshi. Kazi ya ukunga waliyoifanya kila siku ndiyo waliyokataa kuigeuza.

Carl Wilkens, Mmarekani aliyeongoza ADRA nchini Rwanda, aliwaaga mkewe na watoto wake walipoondoka na wageni wengine, akabaki Kigali. Nyumbani kwake walikuwamo Watutsi. Wauaji walipofika, majirani, wengi wao wanawake, walisimama langoni wakawaambia kwamba watoto wa nyumba ile hucheza na watoto wao. Wauaji wakaondoka. Baadaye Wilkens alipeleka maji, chakula na dawa kwa yatima. Kituo cha Gisimba kilipozingirwa, alimkabili Waziri Mkuu Jean Kambanda na kumwomba awaokoe watoto hao, nao wakaokoka. Kambanda huyohuyo alikiri kosa la mauaji ya kimbari huko Arusha mwaka 1998, akafungwa maisha. Darasa lizungumzie ombi hilo kwa kirefu, kwa kuwa wapo watakaosema mtu safi hapaswi kuomba kitu kwa mkono wenye damu.

ALHAMISI: Kwa Mwalimu wa Vijana

Usiwaulize vijana makabila yao mbele ya wenzao, wala usiwagawe makundi waigize. Kama yumo kijana kutoka Rwanda, Burundi au Kongo, usimfanye shahidi wa somo lako. Huenda ametoka kwa walioponea chupuchupu, huenda ametoka kwa waliofungwa. Zungumza naye kabla ya Sabato, faraghani. Picha za maiti hazihitajiki.

Swali la utani litakuja, hasa Tanzania. Mhehe na Mngoni hutaniana vikali, lakini mtani ndiye huja msibani na kusaidia kazi. Waulize vijana: yule unayemdhihaki kwa kabila lake kwenye simu, ungekwenda kumzika mama yake?

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Machi 18, 1997, usiku, watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Wanafunzi walijibu kwamba wao ni Wanyarwanda, wakakataa kutengana. Walipigwa risasi na kutupiwa mabomu ya mkono, na baadhi yao wakafa. Rwanda inawahesabu miongoni mwa mashujaa wake wanaoitwa Imena. Linganisha jibu lao na Matendo 17:26.

Maswali ya Kujadili:

1. Wanafunzi wa Nyange walijibu kwa pamoja, bila muda wa kushauriana. Ni nini hufundishwa nyumbani na shuleni kabla ya usiku kama huo?

2. Kwa nini barua ya wachungaji wa Mugonero ilikuwa jaribu kwa mwenyekiti wao kabla ya kuwa ushahidi mahakamani?

3. Kanisani kwako, wakati wa uchaguzi wa maofisa, kabila hutajwa kwa maneno gani yasiyolitaja waziwazi? Nani huyasema, na nani hunyamaza?