Kanisa la Rabai na Hesabu ya Miaka 29

Andiko la kusoma: Marko 4:26-29

Wiki hii tushuke pamoja mpaka Rabai, kule juu ya vilima nyuma ya Mombasa. Wengi wetu Rabai tuliijua shuleni kama jibu la mtihani, tukaiacha hapo.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS ya Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Julai mwaka huo huo mkewe Rosina akafariki, na mtoto wao mchanga pia. Mtu mwingine angefunga mizigo arudi kwao. Yeye akaendelea kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, na 1846 Johannes Rebmann alipofika, wakaanza misheni Rabai. (Huyu Krapf ndiye aliyeuona Mlima Kenya 1849 akiwa Ukambani. Baadaye akafika mpaka Tana, mto wetu huu.)

Sasa, mimi nilisomea biashara, na macho yangu huanza na hesabu. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu aliyekuwa karibu kufa. Kwa hivyo hata huyo mmoja hakukaa kanisani! Krapf akaondoka 1853, afya imeharibika. Rebmann akabaki. Mkewe Emma akafariki 1866. Yeye mwenyewe alipoondoka 1875 alikuwa karibu kipofu, na baada ya miaka 29 waumini walikuwa wachache sana. Ripoti kama hiyo ikiletwa kwenye kikao cha bajeti, nani angepitisha pesa za mwaka wa thelathini?

Lakini angalia kilichofuata. Kanisa la Mtakatifu Paulo Rabai lilijengwa 1887, na watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia huko. Kati ya wachungaji wao alikuwa William Jones, Mwafrika ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa. Tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, watu zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru.

Ukweli usemwe: hao hawakuletwa na mahubiri ya Rebmann. Walikuja kwa sababu ya minyororo. Lakini walipokimbia, kulikuwa na mahali pa kukimbilia, na mahali hapo pangekuwa pamefungwa kama mtu angefuata hesabu peke yake.

Mnajua ninaelekea wapi. Kituo chetu cha kule chini kina washirika tisa, watatu kati yao ni watoto. Sadaka yao haitoshi hata nauli ya mhubiri. Wazee wanaosema tukifunge si watu wabaya, na pesa wanazozihesabu ni zenu. Mimi naomba tu tusitumie kalenda ya ndengu kupima mukau. Ndengu utavuna kabla ya miezi mitatu. Mukau uliopanda mwaka juzi ukiukata leo, unapata kuni.

Sisemi pia tukae miaka 29 bila kuuliza swali. Tuulize: pale kituoni, nani anakimbilia hapo akiwa na shida? Mama mmoja wa huko aliniambia usiku mvua ikibomoa nyumba ya jirani, walilala kanisani wiki mbili. Hiyo haikuingia kwenye ripoti.

Kamati inakaa Jumamosi saa nne asubuhi. Kila mshirika anaruhusiwa kuja na kusema.