Saa Moja Vardø: Kushuka Bandari Ndogo na Kurudi Kabla Meli Haijaondoka

Watu wanaoniuliza habari za safari ya meli kwenye pwani ya Norway huanza na bei, kisha baridi. Bei ni kubwa na baridi ni kali. Hayo utayajua hata kabla hujafunga begi. Ninachotamani waniulize ni kingine. Meli ikifunga gati kwenye mji wa watu wapatao 2,000, ikasimama saa moja tu, unashuka kufanya nini? Abiria wengi hawashuki kabisa. Wanabaki juu na kahawa yao, wanaipiga picha gati kupitia kioo, basi wameshafika. Mimi hushuka, na katika bandari zote za njia ile ninayoipenda kuliko nyingine ni Vardø.

Kwanza uielewe meli yenyewe. Njia hii ya pwani, ambayo leo ni ya Bergen hadi Kirkenes, ilianzishwa mwaka 1893 na nahodha Richard With, wakati ambapo watu wa kaskazini walikuwa wakisubiri barua kwa wiki nyingi. Leo meli zinasimama bandari 34, na tangu 2021 kampuni mbili zinagawana kazi hiyo, Hurtigruten na Havila. Kuna watalii, ndiyo, na chakula chao ni kizuri. Lakini humo humo kuna mama anayetoka hospitali mji wa jirani, kuna friji na mbao na masanduku ya samaki. Msomaji wa Kigoma nitamwambia hivi: ni MV Liemba ya Wanorway, ila yenye lifti na bafu la maji ya moto. Ndiyo maana meli haisimami kwa ajili yako. Inasimama kwa ajili ya foklifti. Mzigo ukiisha kushuka na kupanda, na saa ya kuondoka ikifika, kamba zinafunguliwa.

Vardø ni mji wa kisiwani, mashariki kabisa mwa Norway, ukitazamana na bahari ya Barents. Meli hupita hapo mara mbili katika safari ya kwenda na kurudi. Ile inayopanda kaskazini hupita usiku wa manane na kusimama dakika chache tu. Hiyo achana nayo, lala. Unayoitaka ni inayoshuka kusini. Inaondoka Kirkenes mchana, na Vardø ndicho kituo chake cha kwanza. Kwa ratiba niliyoizoea hufika saa kumi kasorobo jioni na kuondoka saa kumi na moja kasorobo. Iangalie tena ratiba ya mwaka wako. Kama hela ya safari nzima haipo, si lazima uanzie Bergen. Panda ndege hadi Kirkenes, ushuke na meli kusini kwa siku sita, au ukate tiketi ya vituo vichache tu. Tiketi za vituo vichache zipo na wenyeji ndizo wanazotumia.

Nikuambie na habari ya jua, kwa sababu vitabu vya wasafiri huiruka. Norway yote inafuata saa moja, ingawa kutoka Bergen hadi Vardø kuna zaidi ya nyuzi 25 za longitudo. Ukichora mstari kutoka Vardø kuja kusini moja kwa moja, utapita Karagwe. Mji uko mashariki kiasi hicho lakini saa zake ni za magharibi, kwa hiyo wakati wa baridi jua hufika kilele karibu saa tano asubuhi, na mwanzoni mwa Novemba meli inapofunga gati giza limeshaingia kitambo. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari halichomozi kabisa. Ukitaka kuuona mji kwa macho, nenda kati ya Aprili na Septemba. Ukitaka kuuhisi, nenda Februari. Mimi napendelea giza, na sababu utaiona huko mbele.

Sasa maandalizi. Saa moja ya ratiba si saa moja yako. Toa dakika za kusubiri mlango ufunguliwe na kadi ya kabini isomwe, toa dakika kumi za mwisho ambazo hutaki kuzitumia ukikimbia kwenye barafu. Hesabu dakika 40 za kutembea na kutazama. Kadi usiisahau, maana ndiyo inayowaambia umetoka na ndiyo inayowaambia umerudi. Usikae chumbani kusubiri tangazo. Teremka sitaha ya kushukia mapema ukiwa umeshavaa, uwe miongoni mwa kumi wa kwanza. Ukiachwa, barabara ya kwenda bandari inayofuata, Båtsfjord, inazunguka zaidi ya kilomita 200, na ukifika, meli inaweza kuwa imeshatoka huko pia.

Kuhusu mavazi, adui wa Vardø ni upepo, si baridi peke yake. Koti zito la sufu lisilozuia upepo ni sawa na kutoka na kanga. Vaa nguo ya ndani ya sufu, sweta, halafu juu kabisa koti jepesi la kuzuia upepo na mvua, lenye kofia inayofungwa chini ya kidevu. Mwavuli uache, utageuka nje ndani mara moja. Wakati wa barafu tafuta vile vyuma vidogo vyenye meno vinavyovalishwa chini ya viatu. Mimi sishuki bila hivyo, na nimewaona wazee wa Kinorway, waliozaliwa kwenye theluji, wakivivaa bila aibu yoyote. Na ujue kwamba dhoruba ikizidi nahodha anaweza kuiruka bandari kabisa. Hilo likitokea usigombane na mtu wa mapokezi. Naye hakuipanga hali ya hewa.

Abiria walio wengi, wakishashuka, hukimbilia ngome ya Vardøhus. Ni ngome ndogo yenye umbo la nyota, iliyojengwa kati ya 1734 na 1738, na inatajwa kuwa ya kaskazini zaidi duniani. Utaona kuta, mizinga na nyumba chache za mbao, na robo saa inatosha. Mimi nakushauri uipite, uitazame kwa nje, uende Steilneset.

Steilneset ni ukingo wa bahari, upande wa pili wa mji, chini ya robo saa kwa mwendo wa haraka kutoka gatini. Ukiwa mbali utadhani ni kichanja kirefu mno cha kukaushia samaki, na ndivyo kilivyokusudiwa kuonekana. Nguzo za mbao zimesimamishwa kwa mstari wenye urefu wa mita 125, na katikati yake kumetandwa turubai kama tanga la mashua, nalo limefanywa ujia mrefu, mwembamba, wenye giza. Aliyekibuni ni msanifu wa Uswisi, Peter Zumthor. Malkia Sonja alikizindua mwezi Juni 2011. Hakuna tiketi wala mlinzi. Unasukuma mlango unaingia.

Ndani kuna madirisha madogo 91, hayakupangwa kwa mstari, na mbele ya kila dirisha inaning'inia balbu moja inayowaka. Kila balbu ni mtu. Katika karne ya 17 watu 91 waliuawa katika jimbo hili la Finnmark kwa hukumu ya uchawi: wanawake 77 na wanaume 14, na wengi wa wanaume hao walikuwa Wasami, watu wa asili wa kaskazini. Jimbo lote wakati huo lilikuwa na watu takriban 3,000. Pembeni ya kila dirisha kuna kitambaa chenye jina, mwaka, shtaka na jinsi shauri lilivyokwisha, kama yalivyochukuliwa kwenye kumbukumbu za mahakama.

Usijaribu kusoma vyote. Hutaweza, na ukijaribu utatoka huna ulichokishika. Chagua vitatu au vinne, usimame, usome polepole. Kama hujui Kinorway, tafuta tafsiri kabla ya safari, uihifadhi kwenye simu, maana mle si mahali pa kuhangaika na mtandao.

Na ujue historia kidogo kabla ya kuingia. Mkesha wa Krismasi wa 1617 dhoruba ya ghafla ilizamisha mashua kumi za watu wa Vardø na Kiberg, wakafa wanaume wapatao 40. Kwa vijiji vidogo kama vile, ni sehemu kubwa ya nguvu kazi kwa siku moja. Mwaka huohuo serikali ya Denmark, iliyokuwa ikitawala Norway, ilitoa sheria kali dhidi ya wachawi, na mwaka 1619 ikamleta gavana wa Kiskoti, John Cunningham. Haikupita miaka mingi wanawake wakaanza kukiri, baada ya kushikwa na kuhojiwa, kwamba wao ndio walioiamsha bahari. Mtuhumiwa alitupwa majini amefungwa. Akielea, ana hatia.

Mimi ni mtoto wa Mwanza. Nimekulia mahali ambapo bibi mwenye macho mekundu alikuwa na cha kuogopa, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia kwa miaka hamsini. Usukumani vikongwe wameuawa kwa panga kwa sababu hiyo, wala si karne ya 17. Ni katika maisha yetu sisi tunaosoma makala hii kwenye simu. Siku niliyopita kwenye ujia ule mara ya kwanza, Mnorway mmoja mzee alikuwa mbele yangu, akaniuliza kwa upole kama huko kwetu kuna kitu cha namna hii. Nikamjibu kwamba mauaji tunayo, ukumbusho hatuna. Hatukuongea tena mpaka nje.

Ukitoka, kuna chumba cha vioo vyeusi, kazi ya Louise Bourgeois, aliyefariki mwaka mmoja kabla ya uzinduzi. Ndani ni kiti cha chuma kinachowaka moto, na vioo vikubwa vya mviringo vimekizunguka vikiutazama moto huo. Watu wanabishana kama ni kizuri. Kwa maoni yangu ujia wa balbu ungetosha peke yake, lakini kipite, kiko njiani. Na sasa umejua kwa nini napendelea giza: mchana balbu zile ni balbu, jioni ya Februari unaziona kutoka mbali, moja moja, kwenye turubai.

Rudi kupitia mjini, si kwa njia uliyoendea. Nyumba ni za mbao, nyingi zimejengwa upya kwa sababu mji uliungua kwa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Nyingine ni tupu, kwa kuwa samaki hawaajiri tena watu kama zamani. Usichungulie madirishani na usipige picha watoto. Ukikutana na mtu, mwambie "hei", atakujibu, mwendelee na safari zenu. Hapa hakuna salamu ya kuulizana habari za nyumbani, na usihesabu kuwa ni kiburi. Yale mapira makubwa meupe yanayoonekana juu ya kilima ni mitambo ya rada ya idara ya ujasusi ya Norway, na Urusi haiko mbali, kwa hiyo kama umebeba droni iache kabini.

Nunua kitu. Meli inashusha mamia ya watu mwaka mzima, nao wanarudi kula chakula kilicholipiwa tayari, mji unabaki na nyayo. Chokoleti, soksi, kadi ya posta, chochote. Kadi ya benki inakubalika kila mahali. Jumapili maduka mengi yamefungwa, basi siku hiyo usijilaumu.

Matembezi yanayouzwa melini kwa Vardø mimi siyanunui. Mji ni mdogo, huwezi kupotea, na kundi la watu arobaini likiingia kwenye ujia ule halipati utulivu wa kusoma. Mwenye magoti mabovu au anayeogopa barafu ndiye namshauri alipie, atembezwe na mwongozaji.

Kipo kitu kimoja ambacho saa moja haitakupa hata ukikimbia, nacho ni Hornøya, kisiwa cha jirani chenye ndege wa baharini maelfu kwa maelfu, wakiwemo wale wenye midomo ya rangi kama wamepakwa. Msimu wao ni kuanzia masika hadi katikati ya kiangazi, na mashua ndogo kutoka bandarini inakufikisha kwa muda mfupi. Kwa hilo itabidi ulale Vardø. Inawezekana, kwa sababu meli nyingine inayoshuka kusini hupita kesho yake saa ileile. Lakini tiketi ya namna hiyo hukatwa kwa vipande, kipande cha kufika na kipande cha kuondoka, na hupangwa kabla ya safari. Waambie unapolipa. Ukishapanda, jibu utakalopewa mara nyingi ni kwamba kabini ya kesho haipo.